Aliyeondoka Bila Kuaga

Mama hakuogopa giza.
Umeme ukikatika Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
wenzake wakihangaikia mishumaa,
yeye alipapasa ukuta kutafuta plagi.
"Chomoa friji. Chomoa redio.
Televisheni usiizime tu, ing'oe.
Aliyeondoka bila kuaga
hurudi bila hodi."

Tulimcheka, mimi na Mwanamkuu,
chini chini, kwenye mito.

Hadi adhuhuri ile, Mama kaenda mazikoni Pongwe,
nasi tunacheza karata sakafuni.
Umeme ulirudi.
Taa ilichanua nyeupe kulishinda jua,
feni ikalia kama kuku aliyekamatwa miguu,
kisha ti!
na moshi mwembamba, wa adabu,
nyuma ya friji ya barafu za ubuyu
iliyokuwa ikitulipia ada.

Kufika alasiri maji mekundu yameshapita kizingiti.
Bi Mwanshamba wa ng'ambo akadhani damu,
akaja mbio na mwiko mkononi.

Fundi Shekalaghe alinusa kabla ya kutazama.
"Kompresa imekwenda," akasema,
kwa sauti ile ile ya wanaoleta habari za misiba.
Mama hakutupiga.
Alikaa na kanga zake za mazikoni,
akauliza, "Nani alikuwepo?"
"Sisi."
"Na mikono mlikuwa nayo?"

Mwaka ule hatukuuza barafu.
Mwanamkuu alirudishwa shule mara mbili.

Sasa nina nyumba Sahare, vyumba viwili na sebule.
Fundi amezika fimbo ya shaba uani,
radi ikija ipate njia yake ya kwendea.
Nyuma ya friji nimeweka kiboksi:
kinausimamisha umeme mlangoni,
taa ya njano, dakika tatu nzima,
kinautazama umekuja na hasira au na akili,
ndipo kinawasha kijani, karibu ndani.
Bei yake haifiki robo ya kompresa.

Mama alikuja Ijumaa. Nikamwonyesha.
Akakigusa kwa kidole kimoja,
kama anayepima uji wa mtoto.
"Kizuri," akasema. "Kinalala saa ngapi?"
Nikacheka. Hakucheka.

Saa nane usiku umeme ukakatika.
Nilijua kiboksi kipo. Nikajigeuza upande wa pili.
Kisha nikakisikia kiganja chake
kikitambaa juu ya ukuta asioujua,
taratibu, kinarudi, kinakwenda,
na pumzi yake ikihesabu.

Nikanyamaza
hadi nikasikia ameipata.