Kosa Namba 143

Walenty aliileta ndani ya gunia la viazi:
Atari yenye rangi ya jino la mvutaji,
na kinasa cha kaseti kilichofungwa kwa kamba ya kiatu.
"Haijafa," alisema. "Imenuna tu."
Nikamwambia aache namba ya simu
na asitarajie kitu kabla ya Pasaka.

Hapa Łódź naishi ghorofa ya tatu
ya kiwanda cha nguo kilichogeuzwa vyumba vya kupanga.
Meza yangu imesimama palipokuwa na mtambo wa kufuma;
mashimo manne ya boliti zake bado yapo sakafuni.
Skrubu ikinidondoka, najua pa kuanzia kutafuta.

Nilifungua.
Vumbi, chembe za mkate, nywele za paka
ambaye hata roho yake ya paka haikumfikisha huku.
Kapasita zilizovimba nilizing'oa kama kupe.
Mkanda wa mpira wa kinasa ulikuwa umegeuka lami;
niliuosha kwa spiriti, na kwa siku tatu
nikaacha alama nyeusi za vidole kwenye mkate.

Umanjano ulitaka dawa ya saluni,
ile inayofanya nywele nyeusi kuwa dhahabu.
Jagna aliniuzia chupa mbili, akauliza ni kichwa cha nani.
Nikapaka, nikafunga kwa nailoni,
nikaianika barazani kwenye jua bahili la Aprili.
Njiwa walikuja kuitazama, wakaondoka.

Halafu nikaongeza la kwangu:
tundu la waya wa runinga za leo,
na kadi ndogo kama ukucha, iliyobeba michezo elfu.
"Nzuri," alisema Walenty, bila kuangalia.
Akatoa kaseti moja mfukoni mwa koti.

Januari, themanini na saba.
Siku hizo redio ilirusha programu hewani:
mtangazaji anasema, tayarisheni kaseti,
kisha dakika nne za kelele, nyenje wenye hasira,
na watoto wa mji mzima wamebana pumzi.
Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja
na kiti amekiegemeza mlangoni.
Jikoni, mama yake akachomeka pasi.

Tki.

Basi. Sare ya kazini, zamu ya alfajiri.
Tangu usiku ule programu hufika katikati,
hukwama, huandika: kosa namba 143.
Redio haikuirudia tena.
"Nilimnunia wiki mbili," alisema.
"Wiki mbili, na jikoni kwetu kulikuwa na viti viwili tu."

Nikainakili kaseti, nikaitandaza kwenye skrini.
Mawimbi yamejipanga kama mshono wa cherehani,
halafu pengo: pale pasi ilipouma.
Baiti sita zimeungua.
Kila fungu lina jumla yake mwishoni,
kwa hiyo nikawa kama mwenye duka
anayejua pesa zimepungua, asiyejua nani kachukua.
Siku tisa nilibahatisha.
Ya kumi, ikakubali.

Alikuja ameshika kofia, akakataa chai.
Miaka thelathini na minane alikuwa akiwaza
vita vya angani, au joka,
au walau mashindano ya magari.
Skrini ikawa buluu. Ikauliza kwa herufi kubwa:
TAREHE YA KUZALIWA?

Ilikuwa ramli ya mwili.
Siku za nguvu, siku za huzuni, siku za akili,
mistari mitatu inayopanda na kushuka.
Walenty alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Kisha, kwa kidole kimoja,
akaandika tarehe isiyokuwa yake.

Mistari ikaanza kujichora nukta kwa nukta,
ikapanda, ikashuka, ikapita mahali
ambapo nilimwona akishusha macho,
ikaendelea tu.

"Inasema leo ana nguvu," alisema.

Nikazima taa ya meza ili aone vizuri.