Kusoma Mita

Joho ni la kukodi. Jumatano lirudi,
la sivyo faini, shilingi mia kwa siku.
Limening'inia nyuma ya mlango, Kahawa Wendani,
mabega yake mapana kuliko yangu,
pindoni vumbi la mahafali
na tone la keki iliyopinda njiani.

Mezani, barua. Tuna furaha kukujulisha.
Uzamili, uhandisi wa maji, miaka miwili.
Jibu kufikia Ijumaa, pamoja na amana ya ada
iliyo sawa na kodi yangu ya miezi mitano.

Uzamili, kisha uzamivu.
Sikiliza maneno hayo, yana maji marefu ndani:
anayeyaanza sharti awe tayari kuzama.

Daktari Omuse alinishika koridoni:
"Akili ni uji, Mwikali. Ukiuacha upoe, unaota utando."
Nikaitikia kwa adabu,
nikikumbuka ndimi ambazo uji wa moto umeziunguza.
Jerotich aliunganisha, hakupumua hata wiki;
leo ana shahada mbili na anatafuta kazi ileile moja.
Wambua alisema, "Mwaka mmoja tu."
Huu ni wa sita. Ana pacha, ana duka la vipuri,
na sijawahi kumwona akijuta.

Mama alipiga simu kutoka Mwala. Hakutaja pesa.
Alitaja mbuzi wawili, kwamba wamenona,
kwamba soko ni Alhamisi.
Akanyamaza. Kisha: "Mutinda anafungua shule Januari."
Akayaacha mambo hayo mawili yakae pamoja
kama wageni wasiojuana.

Kwa sasa nina kibarua cha miezi mitatu,
nasoma mita za maji Kayole.
Shangazi huuliza, "Bado wasoma?"
"Nasoma."
Lugha yetu ina huruma:
imewapa msomi na msoma mita kitenzi kimoja.

Nainama, nafuta tope kwa kidole:
sifuri, sifuri, nne, moja, saba.
Bi Kerubo, wa lango la samawati,
aliningoja juzi, bili mkononi.
"Wiki tatu bomba limekauka.
Wiki tatu nanunua maji kwa mtungi.
Hii mita yako imesoma nini?"

Nikafungua. Bomba likakohoa,
likatema upepo, upepo mtupu,
na kile kigurudumu chekundu kikazunguka
kwa bidii, kama kibarua anayeona msimamizi akija.

Jambo hilo nalijua jina.
Nililijibu kwenye mtihani, alama nane kwa kumi.
Lakini Bi Kerubo hakuuliza jina. Aliuliza,
"Sasa nalipia pumzi ya nani?"

Nikaandika namba. Ndiyo kazi niliyotumwa.
Niliiandika, na mkono wangu ukanisuta
hadi kituoni, hadi nyumbani, hadi kitandani.

Usiku umeme ulipotea.
Nilikuwa nikipiga hesabu mgongoni mwa bahasha,
nikaendelea gizani, tarakimu zikipandana.
Miaka minne nimekuwa nikijibu.
Hakuna swali hata moja lililokuwa langu.
Sasa ninalo moja, nalo si langu pia,
nimelikopa kwa mwanamke wa lango la samawati
na sijui nitalilipa kwa nini.

Jumatano nimelirudisha joho.
Karani amelikagua pindo, amekwaruza tone la keki kwa ukucha,
amenitazama, amepiga muhuri.
"Desemba kuna mwenzako atalivaa."

Nimeketi ngazini, nikaandika.
Naomba nafasi hii ingoje mwaka mmoja.
Sababu:
nimeandika *za kifedha*, nikafuta, ingawa ni kweli.
Nimeandika *za kifamilia*, nikafuta, mbuzi wakinitazama.
Wanafunzi wananiruka, wanakimbilia darasa la saa nane.
Nimeandika:
Sijamaliza kusoma.