Hatua Arobaini na Moja

Niliitwa kushona viti tu.
"Bi Mishi, cherehani unayo," aliniambia Mghoi, "na Jumamosi unayo."
Cherehani ninayo. Jumamosi nilidhani ninayo.

Behewa lilikuwa nyuma ya bohari, Changamwe,
limezama hadi magotini katika magugu,
daraja la tatu, rangi ikibanduka
kama ngozi ya mtu aliyelala juani.
Ndani, popo. Na harufu ile:
chuma, mkojo wa paka, jasho la safari za watu.
Surjit aliigonga ekseli kwa nyundo, akatega sikio
kama mtu anayechagua nazi.
"Haijafa," akasema. "Imenuna."

Basi tukaanza kulibembeleza.
Msasa, brashi ya waya, mafuta ya taa
yakilala na nati usiku kucha.
Asubuhi Luvuno huning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote
na nati husema kwi, neno moja,
kisha ikanyamaza wiki nzima.
Bahari haionekani pale, lakini inafanya kazi usiku:
unakwangua Jumamosi, ukirudi Jumamosi
chumvi imeshapita, imeacha saini yake ya kahawia.

Hatulipwi.
Mumewe Mghoi haachi kuuliza, "Hilo gari lenu laenda wapi?"
Naye humjibu, "Liende kwanza. Wapi, baadaye."

Mimi nilifumua viti.
Ndani ya usumba nilikuta kokwa ya tende,
kibanio cha nywele, senti kumi yenye tundu,
na tiketi ya kadi ngumu: Mombasa hadi Voi, kwenda tu.
Nilikaa nayo kitambo.
Nani alikwenda Voi asirudi, nywele zimemfumuka?
Nikairudisha palepale, nikashonea juu yake.
Atakayekaa hapo ataikalia bila kujua.

Mwezi wa saba wakaiba reli.
Si yote. Vipande viwili, usiku mmoja, kwa msumeno wa mkono.
Surjit aliuchungulia mkato, miwani ikimteleza.
"Safi," akasema, kwa uchungu. "Huyu ni fundi."
Tukamtukana fundi huyo kwa lugha nne.

Jumamosi iliyofuata kijana alisimama uani, mikono mifukoni.
"Jina?"
"Nyundo."
Tukacheka; kumbe ndilo jina lake kweli, la babu yake.
Hakusema ni yeye. Hatukuuliza.
Alimwona Luvuno akipigana na bolti, akaichukua spana,
ikafunguka kwa robo mzunguko.
Nikammiminia kahawa. Kiganja chake
kilikuwa na malengelenge mapya, mstari mmoja.
Nikatazama pembeni.

Siku yenyewe hatukualika mtu.
Injini hatuna. Mghoi alipanda kushika breki,
sisi wanne tukabaki chini na mabega manane,
moja bovu, la Surjit.
"Haya!"
Kimya.
"Haya tena!"
Kitu kikalia chini ya sakafu, kilio kirefu
kama mlango wa chumba cha marehemu,
na Mghoi dirishani akapiga kelele:
"Magugu! Magugu yanatembea!"

Nilihesabu kwa sauti, kama nihesabuvyo mishono.
Arobaini na moja.
Hapo ndipo reli inapokatika.
Breki ikashika. Nani alitarajia?

Tulihema. Surjit alikuwa akilia au ni jasho, sikumuuliza.
Nyundo alichuchumaa kwenye ncha ya reli,
akiutazama mkato, kutu imeshaanza kuugusa,
midomo yake ikicheza.
Nilidhani anaomba dua.
Kumbe anapima.
"Mita tatu na robo," akasema, bila kuinua macho.
"Kila upande. Najua zilipo."