Tanbihi ya Usiku wa Nne

Ripoti ina kurasa mia na kumi na mbili.
Jina langu liko mwishoni, kwenye shukrani,
baada ya dereva, na limekosewa:
Nyamizi wameandika Nyamisi.
Si neno. Nilikuwa mkalimani,
na mkalimani ni mlango, watu hupita
hawauamkii.

Ila kuna usiku mmoja ripoti imeuruka.

Walikuja Sikonge wanne ndani ya gari moja,
elimu nne, bani moja la tumbaku.
Mutabuzi wa fizikia alitundika vipimajoto saba
kati ya fito za majani, toka sakafuni hadi darini,
akaniambia joto halipotei, linahama.
Haule mhandisi alibomoa tanuri la zamani,
akajenga jingine, bomba lake lina kona mbili.
"Kuni zitapungua theluthi," akasema, masizi puani.
Kokuleeba wa sheria aliomba mkataba.
Kalunde akautoa kwenye kopo la mbegu,
umekunjwa mara nane, unanuka panya.
Na Mselle wa uchumi alikuwa na dodoso:
mbolea mifuko mingapi,
deni la shilingi au la dola,
magogo ya mtundu matela mangapi.

"Na usingizi?" Kalunde akauliza.
Nikatafsiri.
"Usingizi upi?"
"Wangu. Bani ni siku saba. Moto haulali, nami silali.
Umeandika hadi kamba ya kushonea majani.
Usingizi unakaa mstari gani?"

Mselle akashuka na kalamu, safu kwa safu,
kama mtu anayejipapasa mifukoni akitafuta ufunguo.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka.
Mselle: ni gharama, ipewe bei,
tuseme elfu nane, ujira wa kibarua wa usiku.
Kokuleeba: kabla ya bei kuna haki;
mkataba unamwita mkulima, haumwiti mfanyakazi,
kwa hiyo saa zake hazina mwenyewe.
Haule alikuwa ameshachora mchangani
kilango cha kujifunga chenyewe moto ukizidi.
Mutabuzi: kitajuaje kwamba umezidi?
Nami katikati, gharama fiche, wajibu, msawazo wa joto,
Kinyamwezi kikiniishia nasema tu:
wanabishana juu yako.

Kalunde akacheka. Akatandika gunia, akajinyoosha,
maana wasomi wanne walikuwa macho
mlangoni pa tanuri.

Manahodha wengi, hata huku bara
chombo huenda mrama.

Saa tisa na dakika kumi
harufu ikageuka, asali iliyoungulia sufuriani.
Kalunde alikuwa wima
kabla hata mmoja hajasoma kipimajoto.
Fito sitini. Majani mekundu,
ukiyagusa yanavunjika kama maganda ya karanga,
na mteuzi sokoni hatayatazama mara mbili.

Nani alipe?
Mutabuzi alikuwa na mchoro safi kuliko yote ya safari ile,
kilele chake nyuzi themanini na tatu.
Haule alisema, kwa sauti ndogo,
tanuri limefanya kazi vizuri mno.
Kokuleeba alisoma mkataba mara tatu kwa tochi:
hasara yoyote ndani ya bani ni ya mkulima.
Mselle hakusema. Alitoa pochi.

Wakachanga juu ya boneti ya gari.
Kalunde akahesabu, akalowesha kidole, akahesabu tena,
kisha akarudisha elfu nane.
"Hii yenu. Nililala kweli.
Bei mliipanga wenyewe."

Hiyo sikuitafsiri. Alisema kwa Kiswahili.

Ukurasa wa sitini na moja, maandishi madogo:
data za usiku wa nne zimeondolewa
kutokana na hitilafu ya kifaa.

Vipimajoto vyote saba vilikuwa vizima.
Nilivipakata mimi
mpaka Tabora mjini.