Niko Barza Peke Yangu

Mugisho wa Nguba aliutengeneza usiku,
umeme ukienda anangoja, ukirudi anaendelea,
miezi kumi na mmoja, mpaka mtandao ukasimama.
Akauita Barza. Hauna tangazo,
hauuzi jina lako kwa mtu,
hauli mega: picha ya mtoto inapita
hata kwenye simu ya kioo kilichopasuka.

Niliingia siku ya kwanza. Nikaandika:
Hodi, kuko watu?
Akajibu Mugisho: Karibu, Wivine.
Nikaweka picha ya ziwa na ukungu wake.
Akaipenda Mugisho.
Nikauliza bei ya sambaza.
Mugisho hajui bei ya sambaza.

Anayejua ni Mama Cibalonza wa Kadutu,
naye yuko kule, kwenye kelele,
ambako kila asubuhi mtu hukuamuru
sambaza kwa watu ishirini ubarikiwe,
wala hasemi samaki.

Nilimfuata. Mama, hama.
Alikuwa anapimia mteja kwa kopo la nyanya.
Likelemba yetu iko kule, tuko kumi na wanne.
Akihama Nabintu, nitahama.
Nabintu akasema: Akihama Cibalonza.
Halafu deni langu la Januari limeandikwa kule;
nikiondoka, nani ataamini nililipa?

Nikakumbuka soko walilotujengea kule juu,
bati jipya, choo, bomba la maji.
Akina mama walilikalia siku tatu.
Ya nne wakarudi kutandaza maboga barabarani,
kwenye tope, magurudumu yakipita karibu na vidole,
maana mnunuzi hapandi mlima kutazama bati.

Mwezi wa tano baba mdogo alifariki Uvira.
Habari ilipita kule: saa ya mazishi, mchango,
sauti ya shangazi akilia dakika mbili nzima.
Mimi nilikuwa Barza, mahali safi,
nasoma salamu za Mugisho.
Nilifika Uvira udongo umeshakauka.

Sikumwambia. Nilirudi tu kwenye kelele,
nikakuta jumbe mia sita zinaningoja.

Lakini Barza sijaifuta.
Jumapili, mvua ikinifungia ndani, naifungua.
Taa moja ya kijani inawaka. Ni yeye.
Nimeongeza mahali pa likelemba, ameandika.
Nimeongeza sauti.
Nimeongeza

Ninamwandikia: sambaza leo
ni elfu mbili kwa kopo.
Nilikwenda kuuliza mwenyewe, kwa miguu.