Saa ya Katoni

Wiki mbili za likizo ya baridi mjini Suwałki.
Theluji imefika kwenye vitasa vya milango,
na mimi, mshika funguo wa ukumbi wa manispaa,
nafungua saa moja na nusu asubuhi,
maana wazazi huingia kazini saa mbili
na mtoto haachwi na paka.

Wanakuja kama vifurushi: skafu, kofia, pua.
Nawavua makoti. Glavu thelathini na tisa
nazianika juu ya bomba la joto
(ya arobaini haijawahi kuonekana);
ukumbi unanuka mbwa aliyenyeshewa.

Bi Halszka, mwalimu wao, amekaukiwa sauti tangu Jumanne.
Anafundisha kwa mikono na kwa chaki:
*Sema na aliyekaa nyuma kabisa,
usiseme na viatu vyako.*

Mchezo wameutunga wenyewe.
Mfalme amekataa kuamka,
na nchi nzima imekwama kwenye Jumapili.
Kalina ndiye mfalme, alikuja na taji lake toka nyumbani.
Mapacha wa kina Rutkowski ni farasi,
farasi mmoja;
kila asubuhi wanagombania nani asiwe matako.
Kuna na dinosaria. Hakualikwa na mtu,
ila Borys ana miaka mitano na hoja zake ni nzito.

Tymek ni saa.
Katoni la jokofu, tundu la uso,
akrabu mbili za karatasi ya dhahabu.
Ana maneno saba, yote neno moja:
Ngo! Mara saba, kwa nguvu, mfalme aamke.
Siku tisa alifanya mazoezi:
ngo chooni, ngo kwenye ngazi,
ngo na mkate wa siagi mdomoni,
hadi nikawa nainjika chai kwa saa yake.

Siku moja, tukinywa supu, aliniambia
baba yake hukanda mikate usiku kucha,
hulala watu wakiamka.
"Kwetu tunatembea kwa soksi," alisema.
"Hata kijiko hatukigongi kwenye kikombe."
Kisha akaenda kupiga kelele zake.

Ijumaa ya mwisho, viti vikajaa.
Baba akaja na unga kwenye nyusi,
akakaa safu ya tatu, akatabasamu,
na kabla farasi hajapatana na matako yake
kidevu kikamwangukia kifuani.

Nilikuwa kwenye swichi za taa.
Niliiona saa ikimwona.

Bi Halszka akainua kidole: sasa.
Tymek akavuta pumzi, katoni likavimba,
"ngo,"
akanong'ona.
Ngo.
Ngo.
Kama mtu anayepanga sahani usiku.

Mfalme akafumbua jicho moja.
Akayafuata macho ya saa hadi safu ya tatu,
akaamka taratibu, taji mkononi lisilie.
Farasi akapita kwa ncha za kwato zote nne.
Waziri akaitangaza Jumatatu kama siri,
na dinosaria, ambaye kazi yake yote ni kunguruma,
akafungua kinywa,
akakifunga,
akatupungia mkono.

Mama mmoja alilalamika kuwa hasikii kitu.
Nikapunguza taa. Hakuna aliyeniagiza.

Makofi ndiyo yaliyomzindua.
Akasimama wa kwanza, viganja vikitoa vumbi jeupe,
"Nimesikia yote! Nimesikia yote!"
Uso wa Tymek sikuuona;
akrabu moja ilikuwa imeangukia tundu.

Saa kumi nilifagia vipande vya dhahabu.
Katoni lilikuwa limeachwa mlangoni,
halikuenea kwenye gari lao.
Nilipaswa kulitupa.

Nilifunga madirisha kwanza.
Kisha nikaingiza kichwa kwenye tundu
nikazipiga zote saba
kwa kifua changu chote.