Fomu ya Sijaona

Steshenari ya Likumbi, Newala, mkabala na soko.
Mashine moja ya kuchapa, umeme umerudi saa nne.
Nimelipia kurasa sita, na kalamu juu,
maana wanataka wino mweusi tu.
Wewe umelala mgongoni mwa bibi yako,
mguu mmoja nje ya kanga,
soksi ya Stavanga bado imeng'ang'ania.

Kuna njia mbili. Uraia:
ukitimiza kumi na minane utachagua,
na utakachoachia hakirudi.
Au kadi ya asili:
utaingia bila viza, utakaa, utafanya kazi,
utazikwa.
Kura, hapana.
Kuzikwa hakukuandikwa. Nimeongeza mimi.

Baba yako, aliyeifuata gesi ya Msimbati
mpaka kwao wenye mitambo,
yuko kwenye simu, nyuma yake mvua isiyo na haraka ya kuisha:
"Chukua kadi. Mtoto asije akapoteza cha huku."
Amesema cha huku kama anayetaja ndoo iliyojaa.
Namwelewa. Nimekulia juu hapa,
maji tukiyafuata bondeni Kitangari,
na ukijikwaa karibu na nyumbani
mteremko unakunywa yote
wala hauulizi wewe ni mtoto wa nani.

Bibi yako anaijua karatasi kunishinda.
Kila msimu hupeleka magunia ghalani
akarudi na stakabadhi.
"Korosho zimelala kule," husema,
"mimi nalala na karatasi."
Ameifunga kwenye pindo la kanga
mpaka mnada, mpaka malipo,
mwaka mwingine mpaka deni la salfa liote ndevu.
Nilipomweleza kadi ni kitu gani
hakushangaa. Aliuliza tu:
"Na mnada wake lini?"

Kipengele cha saba.
Mahali alipozaliwa mzazi wa mzazi. Ambatisha cheti.
Kijana akasimamisha vidole juu ya kibodi.
Bibi yako akatazama barabara ya Masasi, kisha sakafu.
"Mueda," akasema,
kama mtu anayekiri kuku wa jirani.

Alivuka Ruvuma mgongoni, kama wewe,
usiku, katika mtumbwi wa mtu asiyetaka kujulikana,
mama yake kamziba mdomo kwa titi.
Hakuna aliyegonga muhuri. Mto haukutoa risiti.
Ng'ambo hii wakamuuliza yule mama:
Umeona nini huko?
Akajibu, "Sijaona."
Wakaandika hilo, wakidhani anataja jina la mtoto.

Jina hilo ndilo nililokupa,
na nesi wa kule alilitafuna siku tatu
bila kulimeza.

"Dada, andika Newala," kijana akanong'ona.
"Nani atavuka mto kwenda kuuliza?"
Kweli, nani?
Nikaandika N. Nikaiangalia.
Nikaikata, nikaandika Mueda pembeni yake,
na penye cheti nikachora mstari
ambao haukunyooka.

Kadi, basi. Nimeweka alama kwenye kadi.
Usiniulize kama ni hekima.
Siku utakaponiuliza
labda nitakuwa na jibu refu zaidi ya hili:
sikutaka uachie mkono wowote
kabla hujajua vidole ni vya nani.

Ikabaki picha. Mandhari nyeupe,
masikio yote yaonekane, mdomo ufumbwe.
Tukatandaza shuka ukutani, bibi yako akalishika,
nawe ukaamka na hasira zako zote.
Mara ya tisa ukanyamaza,
ukaitazama mashine kama inayokudai.

Kijana akaikuza kwenye kioo.
"Tatizo," akasema.
Ukingoni, juu ya bega lako,
vidole vinne vyenye madoa ya utomvu wa korosho
vimeshika shuka.
"Hii itakataliwa."

Sawa. Tutapiga nyingine.
Lakini hii nichapie nakala moja,
nitalipa.